Nyonga Iliyotibiwa Bado Si Nyonga ya Kubeba Gunia



Mtu huumwa na nyonga mwaka mzima, pengine miaka miwili. Hatimaye hupata matibabu, maumivu yakapungua, na daktari akamwandikia cheti kwamba aweza kurudi kazini. Asubuhi ya kwanza afika godauni, mnyapara atazama kile cheti na kusema, "Umepona, kamata gunia." Naye kwa haya, na kwa kuogopa kupoteza kazi, hukamata. Siku ya tatu yuko kitandani tena, na safari hii watu wasema ni mvivu.

Mimi nilikuwa mtu huyo, na ndiyo sababu nasema. Nyonga yangu ya kulia iliniuma miaka miwili. Sikuweza kulalia ubavu ule, wala kupanda ngazi bila kushika ukuta. Nilipotibiwa niliona naweza kutembea mpaka kituo cha matatu bila kuchechemea, nikajidanganya kwamba nimekuwa kama zamani. Siku ya kwanza nilibeba kutwa kama wenzangu. Usiku ule sikupata usingizi, na ilinibidi kuanza matibabu upya. Simlaumu mnyapara peke yake. Hata mimi nilikuwa na kiburi changu.

Maumivu kuisha ni jambo moja, na nguvu kurudi ni jambo jingine. Anayeumwa kwa muda mrefu huukwepa mguu ule, na misuli ya tako na paja hulegea. Kano zilizoshika mfupa wa nyonga nazo husahau kazi nzito. Dawa au sindano yaweza kutuliza maumivu, lakini haimrudishii mtu misuli. Misuli hurudishwa kwa kuitumia, kidogo kidogo, kwa kipimo kama dawa yenyewe.

Hayo si maneno ya barazani tu. Mwaka 2018 wataalamu wa Australia walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 204 waliokuwa na maumivu ya kano za nyonga. Kundi moja lilifundishwa namna ya kuitunza nyonga na kupewa mazoezi, la pili lilipigwa sindano, na la tatu lilipewa mawaidha machache na kuambiwa lingoje. Baada ya wiki 8, katika kila watu 100 wa kundi la mazoezi, kama 77 walisema wamepata nafuu ya kutosha. Wa sindano walikuwa kama 58, na wa kungoja kama 29. Angalieni kwamba ni wiki 8, si siku 8.

Sasa tazameni sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Jumla ni siku 14. Wiki 8 ni siku 56. Je, hizo siku 42 zilizobaki, mtu na watoto wake wale nini? Ndiyo maana tunarudi kabla ya wakati, tukaficha maumivu. Na wenzetu vibarua, ambao siku bila kazi ni siku bila posho, hurudi mapema zaidi.

Lakini sheria hiyo imeweka kiwango cha chini tu. Mkataba wa pamoja waweza kupita hapo, na hilo ndilo nataka chama chetu kilishike katika mazungumzo yajayo. Naomba mambo manne.

Kwanza, cheti cha daktari kisiseme "amepona" tu, bali kiseme mtu huyu aweza kubeba kilo ngapi na kusimama saa ngapi. Pili, apewe kazi nyepesi majuma ya kwanza, kama kuhesabu magunia, kushona midomo yake au kuandika hati, kisha mzigo uongezwe kwa hatua. Tatu, mshahara wake usikatwe wakati huo. Nne, kila juma mwakilishi wetu, mnyapara na mwenyewe wakae pamoja, waulizane hali.

Najua mwajiri atasema kampuni si hospitali. Na mimi nitamwuliza: lipi la hasara zaidi, kumpa mtu kazi nyepesi majuma machache, au kumpoteza fundi wa kazi hii na kuanza kumfundisha mgeni? Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakataza mfanyakazi kutakiwa kubeba mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumdhuru. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mzigo wa mwanamume mmoja usipite kilo 55, na gunia la kahawa ya kusafirishwa lina kilo 60. Ikiwa gunia hilo limempita mtu mzima mwenye afya, aliyetoka kutibiwa nyonga atalibebaje?

Najua pia wenzangu wa genge wanaolipwa kwa tani watanung'unika kwamba mgonjwa anawarudisha nyuma. Manung'uniko yao ni ya haki. Basi malipo ya mtu huyo yatolewe nje ya hesabu ya tani mpaka apate nguvu, ili asiwe mzigo kwa wenzake. Lakini kumcheka, la. Leo ni nyonga yake, kesho ni mgongo wako.

Na wewe unayerudi, usingoje mkataba ndipo uanze. Anza kwa kutembea mahali tambarare dakika 10 au 15. Kisha uongeze kuinuka kitini na kuketi polepole, kisha ngazi, na mwishowe mzigo mdogo. Ongeza jambo moja kwa wakati mmoja. Usisimame ukiegemea mguu mmoja, usikunje nne, na ulalapo ubavu weka mto katikati ya magoti. Kipimo chako ni asubuhi ya pili. Kama maumivu yalikuwa kidogo na asubuhi yametulia, endelea. Kama yamezidi, rudi hatua moja nyuma, lakini usiache kabisa. Na ukishindwa ghafula kukanyaga, au ukapata homa pamoja na maumivu, au mguu ukafa ganzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi sasa nabeba, lakini ilinichukua miezi mitano, na miwili kati ya hiyo niliipoteza kwa sababu ya ile siku ya kwanza. Haba na haba hujaza kibaba. Mkutano wa tawi ukifika, mwenye nyonga mbovu na mwenye nyonga nzima tuinue mikono pamoja, jambo hili liandikwe katika mkataba.