Hesabu ya hashi si shida yako, buda

Wasee wa kuandika programu, hii ni yenu. Mtu akiunda aina yake ya rekodi, kitu cha kwanza anataka ni kujitungia hashi, ile namba inaambia HashMap rekodi iwekwe droo gani. Na wengi wanaitunga vibaya.

Chukua rekodi ya safari ya mathree: kutoka, kwenda. Msee anachukua hashi ya kila stage, anajumlisha, amemaliza. Sasa Rongai–Tao na Tao–Rongai ziko na namba moja, na kila safari inagongana na ile ya kurudi. Programu haivunjiki, inavuta miguu tu. Java huzidisha kwa 31 kabla ya kuongeza sehemu inayofuata, ndio mpangilio uhesabike. Hata hiyo si muujiza: maneno "Aa" na "BB" yote yanatoa 2112. Jaribu uone.

Lakini polepole ni kitu kidogo. Kenye kinaniudhi ni rekodi kupotea ikiwa ndani. Fikiria mfumo wa chama, mwanachama anatambuliwa kwa namba ya simu, na hiyo namba iko kwa hashi. Mama anabadilisha laini, mnarekebisha rekodi yake palepale. Yeye amebaki droo ya zamani, mfumo unamtafuta droo mpya. Ameshalipa mchango wa mwezi, anaambiwa hajulikani. Ama equals yako inasema 0722 na +254722 ni mtu mmoja, halafu hashi inaziona tofauti. Vitu viwili vikiwa sawa lazima hashi zilingane, hapo hakuna mjadala.

Kwa hivyo hesabu achia lugha. Tangu Java 16, mwaka wa 2021, record inajitengenezea equals na hashCode. Python, weka sehemu zako kwa tuple uiite hash, ama tumia dataclass yenye frozen=True. Kazi yako ni moja, na hakuna lugha itakufanyia: amua ni nini kinafanya huyu awe yeye, na hakibadiliki. Kwa chama, hiyo ni namba ya uanachama, si simu.

Najua kuna mmoja atasema yake iko na kasi kuliko ya Java. Sawa, leta vipimo. Na ziwe za data ya ukweli, si zile rekodi kumi za kujaribia.