Manju Bila Waitikiaji: Kipengele cha Vipaji katika Mashindano ya Urembo

Tahakiki ya fasihi simulizi nchini Kenya imezoea kuyapita mashindano ya urembo kama mtu apitavyo duka asilokusudia kuingia. Makasisi na masheikh wamekwisha kuyasemea, watetezi wa haki za wanawake wameyasemea, na magazeti hayakuyanyima nafasi. Wote hao, aghalabu, huzungumzia vazi la kuogelea. Kuhusu zile dakika mbili tatu ambazo mshindani huachiwa jukwaa ili aimbe, acheze ngoma, aghani shairi au aigize, maneno ni machache. Na walio kimya kupita wote ni wale ambao kuchambua dakika za namna hiyo ndiyo kazi wanayolipwa mshahara.

Kimya hicho ni aibu kubwa zaidi Nairobi kuliko kwingineko. Ni katika chuo kikuu cha jiji hilo ambako mwezi Oktoba 1968 Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o walitoa waraka wa kudai Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, ile ya mdomo ikiwemo, iwekwe kitovuni. Tangu hapo vizazi vya wanafunzi vimefundishwa kwamba fasihi simulizi huishi katika utendaji, kwamba fanani na hadhira hutegemeana, kwamba matini iliyong'olewa kwenye muktadha wake ni ganda tu. Lakini msichana wa rika lao akiing'oa matini hiyo hiyo mbele ya kamera, mwanafunzi na mwalimu wake huona kwamba jambo hilo si la taaluma.

Mtaa wa Hurlingham, magharibi ya kitovu cha jiji, unaweza kutoa mfano wa kile ambacho waandaaji wa mashindano haya wamekifanya. Barabara yake kuu iliitwa kwa jina hilo, ambalo pia ni la klabu mashuhuri ya polo ya London, hadi wakili na waziri C. M. G. Argwings-Kodhek alipopatwa na mauti juu yake mwezi Januari 1969; baadaye barabara ikapewa jina lake. Mtaa wenyewe ulibaki Hurlingham. Ndivyo ilivyo kwa shindano la urembo lililoongezewa ngoma ya kienyeji. Kibao cha njiani kimebadilishwa, na mtaa ni ule ule.

Asili ya kipengele chenyewe inalithibitisha hilo. Miss America, iliyoanzishwa Atlantic City mwaka 1921 ili kuwazuia watalii wasiondoke mapema mwishoni mwa kiangazi, ilianza kutafuta vipaji katikati ya miaka ya 1930, baada ya kushutumiwa kwa kukosa maadili. Kabla muongo huo haujaisha kila mshindani alilazimika kuwa na kipaji cha kuonyesha. Kipaji kiliingia, basi, kikiwa hati ya tabia njema: msichana apigaye piano hawezi kuwa mhuni. Miss World, iliyoanza London mwaka 1951, ilichelewa kukipokea, na ilipokipokea mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikifanya shindano dogo la pembeni. Mashindano ya Kenya yalirithi mpango huo. Hapana aliyeuliza kama dhana ya kipaji waliyokuwa nayo wenye hoteli wa Atlantic City inaweza kuubeba utendaji wa Kiafrika.

Haiwezi. Na ichukuliwe isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na baragumu ya pembe na vyombo vya chuma vya kutikiswa. Huchezwa harusini, msibani na panapozaliwa mtoto. Manju hutoa kauli, umati humwitikia, na ufundi wake haumo katika sauti peke yake. Umo katika kuwasoma waliomzunguka, kurefusha pale walipopandwa na mori, kukata pale walipochoka, na kuingiza la papo kwa papo litakalomgusa mtu fulani aliyesimama mahali fulani.

Mrembo anayepanda jukwaani na isukuti hupanda peke yake. Waitikiaji wake wamo ndani ya rekodi. Watamwitikia akiimba vema, watamwitikia akinyamaza, watamwitikia hata akianguka. Hawezi kuongeza neno, kwa kuwa rekodi haitamngoja, wala kufupisha, kwa kuwa haitamfuata. Waliokaa mbele yake ni jopo la waamuzi, wafadhili mezani na jamaa zake, na hao hawajui kiitikio na hawakuombwa kukijifunza. Kinachobaki ni sketi ya makonge, kiuno na tabasamu. Yaani jopo linapewa kuutazama tena mwili ule ule lililoutazama dakika kumi zilizopita katika vazi jingine. Wanaodhani kwamba kipengele cha vipaji kinampumzisha mshindani na kutazamwa hawajakiangalia kwa makini. Kosa hapa si la msichana. Amepewa fani inayohitaji watu thelathini akaambiwa aje nayo mkobani.

Kuna watakaodai kwamba ubaya uko katika kushindana kwenyewe, kwamba Mwafrika hakujua kuwapanga mafanani kwa alama. Dai hilo ni la kimahaba na historia hailikubali. Margaret Strobel, katika utafiti wake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameonyesha jinsi vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa ukali katika karne ya 20, kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za mafumbo za kuwaumbua wapinzani. Urembo ulikuwamo tele, na fedha zikateketea. Lakini hukumu ilikuwa mikononi mwa wanawake walioijua fani, na aliyeimbiwa fumbo alikuwa na haki ya kwenda kutunga jibu. Malumbano ya washairi yalikuwa na sheria hiyo hiyo. Mshindani wa leo hana wa kumjibu. Apewa alama, apewa ua, ateremka.

Hoja ya ufinyu wa muda nayo haina mashiko. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo mwanzo wake ni mwaka 1927, na lile la Michezo ya Kuigiza la shule na vyuo huwabana washiriki kwa dakika vilevile. Tofauti ni kwamba huko mwamuzi husimama mbele ya watoto na walimu wao akaeleza kwa nini sauti ya tatu ilipotea na kwa nini maleba hayakuafikiana na wimbo. Watoto wa kidato cha pili huhakikiwa. Mwanamke mzima anayetafuta kuiwakilisha nchi hahakikiwi, hupongezwa. Pongezi hizo ndizo dharau yenyewe, kwa sababu maana yake ni kwamba alichokifanya hakikuwa na uwezekano wa kuwa kizuri wala kibaya.

Mwaka 2016 Evelyn Njambi aliingia katika tano bora za Miss World nchini Marekani, na mwaka 2017 Magline Jeruto akafanya vivyo nchini China. Ni heshima isiyo ndogo. Mtafiti atakayetaka kujua wasichana walioshindana nao nyumbani walighani nini, kwa lugha gani, nani aliyetunga na nani aliyewafundisha, atakesha bure katika majarida ya fasihi. Kumbukumbu iliyobaki ni picha.

Waandaaji wasitegemewe kulirekebisha hili kwa hiari yao, kwani mtindo wa sasa ni rahisi na hauwagharimu. Wa kulazimisha mabadiliko ni wahakiki. Na wadai kwamba atakayeleta ngoma ya kuitikiana aruhusiwe kuja na waitikiaji wake, walipiwe nauli kama wanavyolipiwa wapambaji. Kwamba jina la mtunzi na la mwalimu litajwe kabla ya jina la mfadhili. Kwamba mmoja wa waamuzi awe mtu anayeijua fani husika, na atoe sababu zake kwa sauti ukumbini. Kutoka kumbi za Hurlingham hadi Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza ni kilomita chache, na chuo kikuu kiko jirani ya ukumbi huo. Idara haina udhuru wa umbali.