Mwamba Si Ukuta: Funzo la Chemchemi za Rungwe

Mwanafunzi wa Tukuyu hukua akiona mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka ikizama ardhini, kisha maji yakitokea tena mabondeni, mengine baridi, mengine ya moto kama yale ya Kiejo-Mbaka. Hata gesi ya kaboni dioksidi hupanda kutoka vilindini karibu na Mlima Kyejo, nayo huvunwa kwa matumizi ya viwanda. Hata hivyo, darasani twamwambia kwamba mwamba ni kitu kigumu, na somo likaishia hapo. Naona hilo ni kosa.

Tulitazame jiwe la povu, ambalo volkano za Rungwe zimelimwaga kwa wingi. Lina vitundu tele, lakini laelea majini, kwa kuwa hewa imenaswa katika vitundu vyake vyembamba. Basalti, kinyume chake, ni nzito na yaonekana imeshikamana. Lakini ilipopoa ilipasuka, na nyufa zake hupitisha maji. Basi kuwa na vitundu ni jambo moja, na kupitisha maji ni jambo jingine. Mwaka 1856 Henry Darcy alionyesha, kwa majaribio ya mchanga mjini Dijon, Ufaransa, kwamba mtiririko hutegemea tofauti ya msukumo wa maji na asili ya kitu kinachopitiwa. Katika ufa, upana ukiongezeka mara mbili, mtiririko huongezeka mara nane.

Kwa nini jambo hili litushughulishe, ilhali Rungwe si nchi ya shaba? Kwa sababu iko njia ya kupata shaba bila kuuchimbua mwamba: asidi hafifu huingizwa visimani, huyeyusha madini mahali yalipo, kisha kimiminiko huvutwa juu kwa visima vingine. Njia ya jinsi hiyo imewahi kupendekezwa hapa nchini kwa urani ya Mkuju, wilayani Namtumbo. Watetezi wake husema kweli kwamba haiachi shimo kubwa. Lakini kimiminiko hufuata ufa mpana, kikauacha mwamba wenye madini bila kuugusa. Na kisipovutwa zaidi ya kinachoingizwa, chaweza kutorokea kwenye maji ya wanavijiji.

Siikatai njia hiyo, wala siisifu. Nasema kwamba asiyejua maji yapitapo hawezi kuikubali wala kuikataa kwa haki. Mwalimu na awapeleke vijana kwenye chemchemi iliyo karibu, wapime joto na wingi wa maji kila mwezi, masika na kiangazi. Uchafu ukishaingia, hakuna awezaye kupima maji ya jana.