Watoto Wetu na Ngano za Kale

Mzazi mmoja wa Manyamanyama, Bunda, ametuuliza kama yafaa kumwachia mwanawe kitabu cha ngano za Kiyunani, ambamo miungu hugombana na mashujaa huua majoka. Yatupasa kumjibu kwa uangalifu, maana swali hili ni la nyumba nyingi.

Vitabu hivyo si vigeni kwetu. Mwaka 1856 padre wa Kiingereza, Charles Kingsley, aliwasimulia watoto upya habari za Perseus, Jason na Theseus, na baadaye kitabu chake kikatolewa kwa Kiswahili kwa jina la Mashujaa. Wala huko Bunda hakukosi ngano. Masimulizi ya Waikizu, yaliyochapishwa pamoja na mengine ya Mara mwaka 2003, yanamtaja Nyakinywa, mwanamke aliyekuja na mvua kutoka Kanadi. Alishindana na Isamongo mwenye moto. Mvua ikauzima moto, naye akatawala.

Mtume wetu (s.a.w.) naye alizikuta ngano. Katika Sira imeandikwa kwamba Nadhr bin Harith alijifunza visa vya Kiajemi vya Rustam na Isfandiyar. Mtume alipoondoka barazani, Nadhr alikaa mahali pake akasimulia, akidai kuwa hadithi zake ni bora zaidi. Hakulaumiwa kwa kuijua ngano, bali kwa kuishindanisha na Wahyi.

Basi hatari yetu ni kimya cha wazazi. Mtoto asikiaye habari za Perseus, za Nyakinywa na za Nabii Yusuf (a.s.) asiambiwe tofauti yake, huzitia zote katika kapu moja. Siku atakapojua kwamba majoka yale hayakuwapo, atayashuku hata yasiyostahili shaka.

Kwa hiyo twamshauri ndugu yetu asikifiche kitabu. Akisome pamoja na mwanawe baada ya Isha. Ausifu ushujaa uliomo, na penye miungu mingi aseme wazi kwamba hilo twalikataa. Habari za Nyakinywa azisimulie kwa adabu, kama kumbukumbu ya wazee wa nchi. Kisha wafungue Sura Yusuf, wasome mwisho wake, ambapo Mwenyezi Mungu atujulisha kwamba visa hivyo havikuzuliwa. Mtoto aliyefundishwa kupambanua hivyo atakwenda na kitabu chochote mkononi, na imani yake i salama.

Mwenyezi Mungu atuongozee vizazi vyetu. Amin.