Nailoni ya kitalu nyumba isiuzwe kama nguo ya mtumba

MKULIMA wa nyanya anaponunua nailoni ya kuezekea kitalu nyumba hulipia miaka kadhaa ya kazi. Wapo wanaoambulia msimu mmoja tu. Nailoni hukakamaa, hupasuka pale inapogusa fito, na mvua ikinyesha magonjwa ya majani huingia bila hodi. Muuzaji husema ni jua. Jua lina sehemu yake, lakini si jibu lote.

Nailoni hiyo, ambayo kwa hakika ni polithini, hutokana na gesi ya ethilini inayoshindiliwa kwa mgandamizo mkubwa. Chembe zenye uchu wa kushikana, ziitwazo radikali, huanzisha mnyororo unaorefuka kwa kasi ya ajabu. Wataalamu wa kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, waliigundua mwaka 1933 kwa bahati tu. Walipojaribu tena waliambulia milipuko. Walifanikiwa Desemba 1935, na baadaye ikafahamika kuwa siri ilikuwa oksijeni kidogo iliyopenya kwenye gesi. Tangu hapo kazi ikawa kupima mwendo: radikali ngapi zinazaliwa, mnyororo unarefuka upesi kiasi gani, unakoma lini. Radikali zikizidi, minyororo huwa mifupi na nailoni huwa dhaifu. Joto likiponyoka, mtambo hulipuka.

Linalomgusa mkulima ni kwamba radikali hizohizo zilizojenga ndizo hubomoa. Mionzi ya jua huzizalisha ndani ya nailoni, nazo zikishirikiana na oksijeni ya hewani huikata minyororo; bomba la chuma lililopata moto huharakisha uharibifu huo. Ndiyo maana viwanda huchanganya dawa ya kuzidhibiti. Dawa hiyo ina gharama na haionekani kwa macho, na hapo ndipo penye mwanya wa ujanja. Viuatilifu vyenye salfa au klorini navyo huidhoofisha, jambo ambalo mteja anastahili kuelezwa dukani kabla hajafungua pochi.

Mamlaka za viwango zilazimishe kila rola kuandikwa unene kwa mikroni, kinga dhidi ya jua na muda wa dhamana, kisha wakaguzi wafike madukani kupima. Risiti nayo itaje mambo hayo, si neno "nailoni" peke yake, ili ikipasuka kabla ya wakati mkulima awe na cha kudai.