Moyo wa Mama Nao Uulizwe

Mama msomaji, na wewe baba uuchunguliaye ukurasa huu mama akishauweka chini, juma hili tuzungumze juu ya moyo. Hatusemi ule wa mapenzi usifiwao na watunzi wa nyimbo, bali huu wa nyama usukumao damu usiku na mchana.

Sisi tuliosomea ualimu tulionywa mapema: mwalimu anayewauliza maswali wavulana wa madawati ya mbele peke yao, kisha akaandika kuwa darasa zima limeelewa, amejidanganya na kuwadhulumu waliobaki. Kwa miaka mingi utafiti wa magonjwa ya moyo ulikwenda kwa mtindo huo.

Tutazame kidonge cha aspirini, ambacho hakuna duka la dawa lisilokuwa nacho. Mwaka 1982 ulianza nchini Marekani utafiti uliowashirikisha madaktari 22,071, wote wanaume. Matokeo kamili yalipotangazwa mwaka 1989, ilionekana kwamba kwa wale waliokuwa wakimeza aspirini kila baada ya siku moja, mashambulio ya moyo yalipungua kwa asilimia 44. Wanawake walingoja hadi mwaka 2005 ndipo likapatikana jibu lao wenyewe, kutoka kwa wanawake karibu 40,000 wenye umri wa miaka 45 na zaidi. Kwa jumla, kwao aspirini haikupunguza shambulio la kwanza la moyo. Ilichopunguza ni kiharusi. Kwa hiyo aspirini isimezwe kila siku kwa kusikia ya jirani. Daktari ndiye wa kuulizwa.

Kuachwa kwa wanawake kulikuwa na sababu zake, na si zote zilikuwa za nia mbaya. Dawa iitwayo thalidomidi ilikuwa imesababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Kwa hofu ya aina hiyo, mwaka 1977 idara ya dawa ya Marekani ilishauri wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe katika majaribio ya awali. Wengine walidai kwamba mwili wa mwanamke, kwa mabadiliko yake ya kila mwezi, unatatiza hesabu. Lakini mwili huo huo ndio utakaopewa dawa baadaye. Mwaka 1991 Dakta Bernadine Healy, bingwa wa moyo na mwanamke wa kwanza kuongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alilalamika kwamba mwanamke hana budi kwanza kuthibitisha kuwa ni mgonjwa kama mwanamume ndipo apate matibabu kama yake. Sheria ya mwaka 1993 ikaagiza wanawake waingizwe katika tafiti zinazolipiwa na taasisi hizo.

Huenda mtu akauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa Kigali? Yanatuhusu sana, kwa maana huku kwetu moyo huharibika kwa njia nyingine. Mtoto huumwa koo, hatibiwi ipasavyo, hupatwa na homa ya baridi yabisi, na miaka baadaye vali za moyo wake hukakamaa au kuvuja. Kati ya mwaka 2010 na 2012 wataalamu waliwaandikisha wagonjwa 3,343 wa maradhi hayo katika nchi 14, Rwanda ikiwamo. Theluthi mbili walikuwa wa kike, na nusu ya wagonjwa wote hawakuwa wamepita miaka 28. Basi mgonjwa wa moyo wa kwetu si yule mzee mnene tumwonaye katika picha. Mara nyingi ni binti au mama kijana.

Sasa fikiri juu ya mimba. Mama anapobeba mimba, damu mwilini mwake huongezeka kwa karibu nusu. Moyo wenye vali iliyobana hauwezi mzigo huo. Upasuaji upo, mwaka 2008 kikosi cha Marekani kiitwacho Team Heart kilianza kuwapasua wagonjwa wa namna hii katika Hospitali ya King Faisal hapa Kigali. Lakini anayewekewa vali ya chuma hana budi kumeza warfarini maisha yake yote ili damu isigande, na dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Akiiacha, vali yaweza kuziba. Pamoja na hatari yote hiyo, kati ya wanawake 1,825 wa umri wa kuzaa walioandikishwa, waliokuwa wakitumia uzazi wa mpango walikuwa asilimia 3.6 tu. Inaelekea waliangaliwa kama mioyo, wakasahauliwa kuwa ni wake na mama.

Kwa hiyo watafiti na waganga wetu wana wajibu wa kumwuliza kila binti mwenye maradhi ya moyo kama anataka kuzaa na lini, kabla ya kuchagua vali na dawa, na jibu lake liandikwe.

Nasi nyumbani tuna sehemu yetu. Mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe kituo cha afya. Kadi ya mituweli haikutolewa ipambe kabati. Mama mjamzito au aliyejifungua miezi michache iliyopita, akihema kwa kupanda mlima aliouzoea, akishindwa kulala chali, akivimba miguu, asiambiwe kwamba ndio uzazi ulivyo. Mwanamke akibanwa kifua, au akishikwa ghafla na kichefuchefu, jasho na maumivu ya mgongo au taya, asiambiwe kwamba ni mawazo tu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na anayemsindikiza aseme wazi: tunaomba moyo wake upimwe.