Nyekundu ya juma hii si nyekundu ya juma iliyopita

Kila mara kipindupindu kinapoamka pembeni ya maziwa yetu, iwe Goma, Uvira ao Kalemie, karte zinaanza kutembea mu simu. Zoni za afya zimepakwa rangi: njano, chungwa, nyekundu. Mama anaangalia, anakuta zoni yake iko njano, anasema: afazali, kwetu hakuna maneno. Lakini ile njano haikusema hivyo hata kidogo.

Kosa haliko kwa wanganga wanaohesabu wagonjwa. Liko ndani ya programu inayopaka rangi. Chukua Excel, ambayo karibu kila ofisi iko nayo. Ukiiambia tu ipake rangi, inatafuta namba ya chini kabisa na ya juu kabisa mu listi ya siku ile, kisha inatandaza rangi katikati yao. Tuseme juma hii zoni yenye wagonjwa wengi iko na 40: inapata nyekundu kali. Juma inayokuja inafika 400: nyekundu ni ile ile. Karte mbili zinafanana kama mapacha, kumbe ugonjwa umeongezeka mara kumi! Na zoni moja ikilipuka, zingine zote zinafifia, hata kama nazo wagonjwa wao wameongezeka mara mbili. Ndiyo ile njano ya mama wetu.

Mtu anaweza kurekebisha. Mu Excel unaandika mwenyewe namba ambapo rangi inaanza na ambapo inaishia. Mu QGIS, ambayo ni ya bure, unaweka mipaka ya kila daraja la rangi. Lakini lazima ufungue dirisha moja, kisha lingine, na anayetengeneza karte saa moja mbele ya mkutano hatafika huko. Ndiyo maana nasema wanaotengeneza hizi programu wako na deni. Mipaka iwekwe mbele, kando ya rangi yenyewe, na iwe rahisi kuifunga ili juma zote zipimwe kwa kipimo kimoja. Namba ikipita kipimo, iandikwe «400 na zaidi», basi.

Wasituambie haiwezekani. Mwaka 2017 Matplotlib, inayotumiwa sana na watafiti, iliacha rangi zake za upinde wa mvua na kuchukua viridis, inayotoka gizani kwenda mwangazani hatua kwa hatua, hata ikichapwa bila rangi. Kwetu hayo si mapambo: karatasi nyingi zinafika kwa watu kwa fotokopi, na mu fotokopi nyekundu na kijani zinaweza kugeuka kijivu kimoja.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi. Mara nyingi zoni isiyo na mgonjwa inabaki nyeupe, na zoni ambayo haikutuma habari, juu ya vita ao barabara iliyokatika, nayo inabaki nyeupe. Anayepanga gari la serumu anaona nyeupe mbili, anazipita zote mbili. Ile ya pili ipewe mistari ao alama ya kuuliza, na chini ya karte iandikwe ni zoni ngapi hazikutuma namba.